Siku Niliyomlilia Mama Bosco kwa Maiki

Naona bora niliseme jambo hili mwenyewe kabla hamjalisikia kwa mtu mwingine, maana pale sokoni Kimironko tayari lina matoleo manne, na katika toleo moja nilizimia nikapepewa kwa gazeti, jambo ambalo si kweli. Sikuzimia. Nililia tu, mbele ya watu kama themanini, nikiwa nimeshika maiki iliyowashwa, kwa ajili ya jambazi la kike kwenye filamu ya Kihindi. Hayo mengine ni chumvi.

Mimi ni mtu wa Singida. Nilisomea takwimu, nikapata kazi ya mkataba kwenye ofisi moja ndogo hapa Kigali, nikapanga chumba Kagugu, na mpaka mkasa huu unanikuta nilikuwa na miezi mitano mjini bila rafiki ninayeweza kumpigia simu bila kwanza kuandika kwenye karatasi nitakachosema. Mama yangu hupiga kila Jumapili kuuliza kama nimepata watu. Nilishamwambia ninao wengi, na alipobana nikamtajia majina matatu. Mawili yalikuwa ya walinzi wa ofisini. La tatu lilikuwa la Dezire, jirani yangu wa chumba cha pili, fundi cherehani wa Kimironko, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, na huyu alikuwa rafiki kwa maana kwamba alinisalimia kila asubuhi na mara mbili alinipa chumvi.

Kosa lenyewe lilianza na uongo mdogo. Jumapili moja Dezire aliniambia, "Sha," yaani rafiki, "leo twende filime. Mimi ndiye nafasiri. Utacheka mpaka uumwe na mbavu." Sasa mimi siku hiyo nilikuwa nimekwisha kupanga kwenda sinema peke yangu, sinema yenyewe, ile ya ndani ya jengo la maduka yenye viti laini, na nilikuwa nimejiandaa tangu Jumatano (nguo, njia, kiti nitakachoomba, sababu ya kuomba kiti hicho). Nikaona aibu kumwambia nakwenda peke yangu. Nikamwambia nina miadi.

Nikafika. Dada wa tiketi akaniuliza, "Umwe?" yaani mtu mmoja, swali la kawaida kabisa, analomuuliza kila mtu. Mimi nikasikia kama ananihurumia. Nikamjibu kwamba nasubiri wenzangu. Basi ikabidi niwasubiri. Nilisimama dakika arobaini karibu na mashine ya bisi, nikiangalia saa na kutikisa kichwa kama mtu anayeudhiwa na marafiki wasiojali muda, na kuna wakati niliweka simu sikioni nikasema "sasa mko wapi jamani" kwa simu ambayo ilikuwa imezimwa. Filamu ikaanza bila sisi. Mwishowe yule dada akaniletea kiti. Nikamshukuru, nikakikalia kidogo ili asione nimekidharau, kisha nikaenda nyumbani. Jioni Dezire aliponiuliza miadi ilikuwaje nikamwambia ilikuwa nzuri.

Hivyo ndivyo nilivyoikosa sehemu ya kwanza. Nawaomba mlikumbuke hilo.

Ukumbi alimokuwa akifasiri Dezire uko nyuma ya soko la Kimironko, chumba kirefu chenye mabenchi na shuka jeupe ukutani. Filamu inakuja na lugha yake, sauti inapunguzwa, na mfasiri anasimama pembeni na maiki anawaeleza watu nini kinaendelea. Mjini kote jambo hili hufanywa kwa Kinyarwanda, lakini mwenye ukumbi huu ni Mzee Rajabu, muuza duka ambaye babu yake alitoka pwani na biashara zake, na Jumapili saa tisa alasiri ukumbini kwake ni Kiswahili, kwa sababu wateja ni Wakongo, Warundi, watu waliokulia Bujumbura kama Dezire, na mafundi wa msikitini. Filamu za Kihindi ni ndefu, kwa hiyo anazikata vipande viwili, Jumapili hii na Jumapili ijayo.

Jumapili iliyofuata, saa saba, Dezire akagonga mlango wangu. Nilipofungua alifungua mdomo na ikatoka hewa tupu. Alikuwa akisherehesha harusi ya binamu yake tangu Ijumaa na sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Mkononi alikuwa na kipande cha kitambaa cheusi, kile cha sketi za shule, na chaki ya fundi. Akaandika: SAUTI HAKUNA. NISINDIKIZE. USEME KWA MZEE.

Nilifurahi, nawaambia ukweli. Mtu alikuwa ananihitaji kwa jambo linalochukua dakika mbili. Njia nzima kwenye basi nilipanga sentensi: "Shikamoo mzee, mwenzetu hapa amepatwa na udhuru wa koo."

Tukakuta ukumbi umejaa mpaka mlangoni. Nikamwamkia Mzee Rajabu, nikaisema sentensi yangu vizuri, nikiwa na adabu zote. Mzee hakuwa anasikiliza habari za koo. Alikuwa anasikiliza jinsi ninavyoongea.

"Wewe ni wa Tanzania."

"Ndiyo, mzee."

"Kiingereza unasoma?"

"Nasoma, lakini mimi sijawahi..."

"Basi Mungu hajatutupa." Akanigeuza bega nitazame ndani. "Unaona hawa? Miezi miwili Jumapili yangu ilikuwa mabenchi matupu. Nilikuwa nimekwisha amua, Jumapili ni mpira tu, mpira hautaki mfasiri. Arafu wiki iliyopita Dezire akawaliza. Wamerudi na shangazi zao. Leo wakiondoka na moyo mbaya, mimi nafunga habari ya filime."

Nikamtazama Dezire. Lazima mumjue Dezire. Siku sita anashona kola za sare za shule, kichwa kimeinama, na wateja wanaongea na kisogo chake. Jumapili ndiyo siku anayoongea yeye. Alikuwa amekiminya kile kitambaa kwa mikono miwili, ananiangalia kama mtu anayemwangalia daktari akisoma karatasi.

Ningeweza kukataa. Lakini mimi kukataa kunanihitaji maneno mengi kuliko kukubali, na maiki ilikuwa tayari mkononi.

Dezire akaketi mbele yangu kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaniandikia maelezo ya sehemu ya kwanza. Nayakumbuka yote kwa sababu yalikuwa mistari mitatu. KIJANA = BOSCO. MAMA MZEE = MAMA YAKE. ANAMPENDA SANA.

Filamu ikaanza. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza, nami nikawa nayafasiri moja baada ya jingine, kwa uaminifu, kama ninavyojaza jedwali. Pale nisipokuwa na hakika nilisema. "Anasema atamfuata mtoni, au pengine ukingoni mwa mto, samahani." "Anasema amechoka, samahani, si kuchoka kwa mwili, ni zaidi kuchoshwa." Kinyozi mmoja Mkongo aliyekaa karibu na mlango akasema taratibu, "Ndugu, chagua moja." Watu wakacheka, lakini kwa upole. Nikaanza kufikiri kwamba pengine mambo yatakuwa mazuri.

Ndipo akatokea yule mama. Mwanamke mzee, sari nyeupe, uso wa ibada. Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Mstari wa mbele alikaa Mama Sifa, muuza vitenge, mwanamke mkubwa kwa umbo na kwa heshima, naye akasema, "Mama Bosco huyo. Masikini." Yule mama kwenye picha akawageukia wanaume wanne wenye bunduki, akawaonyesha picha ya yule kijana, akafungua mdomo, na maandishi yakatokea, nikayasoma kichwani mwangu. Yalisema: Dereva wangu amejua mengi mno. Muueni kabla ya saa moja.

Nikakitazama kitambaa. ANAMPENDA SANA.

Nikaelewa kila kitu mara moja, na hilo ndilo tatizo langu, huelewa upesi na kutenda vibaya. Kiingereza cha Dezire kinaishia kwenye saizi za nguo. Bila shaka wiki iliyopita alimwona mwanamke mzee anampa kijana sahani ya chakula, akaamua ni mama. Kumbe alikuwa mkuu wa majambazi anamlisha dereva wake. Nilikuwa na sekunde nne hivi. Mtu mwingine angesema lolote. Mimi niliwaza juu ya haki ya watu kupata taarifa sahihi.

"Samahani, watazamaji," nikasema kwenye maiki, "kuna marekebisho madogo."

Mzee Rajabu, aliyekuwa kwenye kompyuta, akasimamisha picha. Uso wa yule mama ukabaki ukutani, mkubwa, mdomo wazi.

"Marekebisho gani?" akauliza Mama Sifa.

"Huyu mama anaagiza wamuue dereva."

"Dereva ni nani?"

"Ni Bosco, mama."

"Bosco ni mutoto yake."

"Kwa mujibu wa maandishi, mama, samahani, si mtoto wake. Ni dereva wake tu. Yeye ni mkuu wa majambazi."

Ukumbi mzima ukaanza kupiga hesabu vichwani. Mama Sifa alikuwa wa kwanza kumaliza.

"Hii mama alifua nguo za watu miaka kumi ili Bosco asome."

"Hilo halipo, mama."

"Alikuwa iko nalala njaa."

"Nalo sidhani kama lipo."

"Sasa mimi wiki iliyopita nililia ya nini? Nimemuombea wiki nzima. Nimewasha mushumaa kanisani."

Yule kinyozi akainuka. "Dezire, sha. Ulitudanganya?"

Vichwa vyote vikageuka kwenye ile ndoo. Dezire akafungua mdomo kujitetea na ikatoka hewa. Akajaribu tena. Akachukua chaki, chaki ikavunjika, akabaki na kipande ambacho hata vidole havikishiki. Watu wawili wa nyuma wakaanza kuvaa makoti. Mzee Rajabu hakupandisha sauti, alisema tu, kama mtu anayejikumbusha, "Basi Jumapili ijayo ni mpira." Dezire hakunitazama kwa hasira. Alikitazama kile kitambaa mapajani mwake, akaanza kukikunja, pembe kwa pembe, vizuri, kama anavyokunja nguo ya mteja iliyokwisha.

Nikainua maiki.

"Samahani," nikasema. "Nimesoma vibaya. Ni mama yake."

Hakuna aliyeketi. Mama Sifa akakunja mikono kifuani. "Kama ni mama yake, kwa nini anasema wamuue?"

Nikautazama ule uso ukutani. Sasa, mimi nimeishi maisha yangu yote nikitunga sababu zinazowafanya watu watende wanayotenda. Mtu asiponijibu ujumbe kwa saa moja huwa nimemtungia sababu kumi na moja. Sikuwahi kudhani ni ujuzi.

"Anawapima," nikasema. "Anataka kuona kati ya hawa wanne ni nani atakayekubali haraka, ili ajue adui wa mwanawe ni yupi."

Mama Sifa akalifikiria. Ukumbi ukamsubiri.

"Eh," akasema mwishowe. "Iyo ni mama kabisa. Washa."

Wale wa nyuma wakavua makoti. Dezire akakikunjua kitambaa.

Kuanzia hapo ilikuwa saa moja na nusu ya mateso ambayo simtakii mtu, kwa sababu yule mama hakupumzika. Alimpiga Bosco risasi. Nikaeleza kwamba amemlenga begani kwa makusudi, mahali pasipo na hatari, ili adui wadhani amekufa. Alichoma nyumba Bosco akiwa ndani. Nikaeleza kwamba anataka atoke nje akutane na watu, kwani kijana huyu alizidi kujifungia (hapo nilichukua kidogo kutoka maisha yangu). Alimtilia sumu kwenye chai. Nikasema ni dawa ya minyoo. "Alikuwa mwembamba tangu wiki iliyopita," akathibitisha Mama Sifa. Kabla ya kila maelezo nilisema samahani. Mtu mmoja baadaye aliniambia walizihesabu lakini waligombana juu ya jumla.

Mwisho ukafika. Juu ya paa, mvua, Bosco na yule mama wanapigana, yule mama akateleza akaanguka chini akafa. Bosco akasimama ukingoni akatazama chini, akatabasamu. Tabasamu pana, la mtu aliyemaliza kazi.

"Anatabasamu," akasema kinyozi.

"Samahani," nikasema. "Ndiyo."

"Mama yake amekufa arafu anatabasamu?"

Nilikuwa nimechoka. Sababu zilikuwa zimekwisha. Na katika kutafuta ya mwisho nikajikuta nimemkumbuka mama yangu, kwamba ilikuwa Jumapili, kwamba simu yake ingekuja jioni, na kwamba angeuliza kama nimepata watu nami ningejibu kwa sauti ya furaha kama kawaida.

"Anatabasamu," nikasema, "kwa sababu mama yake alimwambia akiwa mbali asimwoneshe mtu kwamba ana huzuni. Kila mama akimuuliza anamwambia yuko sawa. Ana marafiki wengi. Na mama anajua kwamba..."

Sikuweza kumaliza. Sauti ilipasuka. Jambo ambalo watu wasioshika maiki hawalijui ni kwamba spika haichagui; hata kupenga kamasi inakuongezea sauti. Nililia, na kilio changu kikatoka kwenye spika mbili kubwa za Mzee Rajabu, moja kila upande. Mama Sifa naye akaanza. Mafundi wa msikitini wakainamisha vichwa. Ilichukua muda.

Kisha picha ikawa nyeusi na maneno meupe yakajitokeza katikati, makubwa, kama kwenye filamu zinazotokana na visa vya kweli. Yalisema kwamba mwanamke huyu aliongoza genge lake miaka ishirini na hakuwahi kupata mtoto.

Msichana mmoja wa mstari wa pili, mwanafunzi wa chuo anayeitwa Ange, akasema kwa adabu, "Kaka, na hiyo inasema nini?"

Nikapangusa macho. Nikaisoma tena. Nikainua maiki.

"Inasema mwisho," nikasema.

Kicheko kilianzia pale kwa Ange. Kikapita kwa wenzake wawili, kikamfikia yule kinyozi, kikarukia benchi la nyuma, na nikaona kwa macho yangu kwamba nusu ya ukumbi ilikuwa inacheka kabla ya nusu nyingine kujua kuna nini. Walicheka mpaka Mzee Rajabu akashika ukuta. Mama Sifa akawa anageuka huku na huku na leso yake. "Munacheka nini? Mama amekufa, munacheka nini?" Na hakuna hata mmoja aliyemwambia. Ndipo nilipoanza kuelewa, nikiwa bado na kamasi.

Wakati watu wanatoka Ange alipita karibu yangu. "Kaka," akasema, "wenye kusoma Kiingereza humu tuko wengi. Tulimjua hii mama tangu wiki iliyopita. Lakini tukitaka kusoma tunasoma nyumbani. Hapa tunakuja kumsikia Dezire."

"Mbona hamkusema?"

"Nani anasemaga?" Alinitazama kama vile nimeuliza kwa nini watu hawavui nguo mezani.

Mama Sifa yeye alinishika mkono wote, mpaka kwenye kiwiko. "Pole, Samahani," akasema. Alidhani ndilo jina langu. "Mama ni mama." Na Mzee Rajabu, akifunga kompyuta, akamwambia Dezire waje Jumapili ijayo, ila sauti aje nayo, na huyu Mtanzania akae kwenye benchi.

Ndani ya basi la kurudi Dezire alikaa kimya, maana hakuwa na namna nyingine, nami nikakaa nikitunga sababu za kimya chake. Nilikuwa nimefika ya saba alipotoa kitambaa na kile kipande cha chaki. Akaandika kwa shida, akaniwekea magotini. UNALIA VIBAYA. Kisha akafuta kwa kiganja, akaandika tena. DAWA YA MINYOO. Mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kisicho na sauti, nimegundua, ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu watu wote kwenye basi wanamtazama anayechekwa.

Jioni mama akapiga. Nikamweleza yote, hata ile habari ya dakika arobaini na simu iliyozimwa. Akauliza huyo mama wa kwenye filamu alikuwa na kosa gani hasa.

Jumapili iliyofuata nilikwenda, nikakaa kwenye benchi kati ya Mama Sifa na ukuta, na mfuko wa karatasi wa karanga. Filamu ilikuwa mpya. Dezire alikuwa amerudi na sauti yake, anamiliki ukumbi. Dakika ya kumi akatokea karani mmoja mwembamba, mwenye miwani, anayebisha hodi kwenye mlango ulio wazi. "Na huyu," akasema Dezire kwenye maiki, "ni ndugu yetu Samahani, mutu wa Tanzania, ana moyo mweupe, hawezi kuumiza hata nzi." Ukumbi wote ukanigeukia. Mtu mmoja akanipigia makofi.

Maandishi yakatokea chini ya picha. Nikayasoma, kwa sababu siwezi kutosoma. Karani ndiye aliyekuwa ameua watu wawili na sasa alikuwa anakuja kwa wa tatu.

Mama Sifa akaniinamia sikioni. "Wewe unasomaga. Ni kweli hiyo?"

Nikatia karanga mdomoni.

"Ni kweli kabisa, mama," nikasema.